Mtamba Niliyempeleka Taveta

Walisema sitafika mbali. Mzee mmoja mwenye duka pale Chawia, ambaye watu walikaa kwenye baraza lake kila jioni wakingoja kupimiwa mafuta ya taa, alisema mbele ya wote kwamba nitafika Voi, nitaliona gari moshi, nitaogopa mlio wake, kisha nitarudi kuchunga mbuzi aliowaacha marehemu baba. Mwingine alisema kichwa changu kinafaa kubebea mkungu wa ndizi. Mjomba wangu naye alikuwepo. Alicheka tu, na kicheko kile nilikibeba mpaka Kampala.

Basi niandike wazi. Nilifika Voi, nikalipanda hilo gari moshi, nikavuka mpaka, nikasoma utabibu wa mifugo, nikarudi na diploma. Katika miaka ile ya hamsini ungeweza kuizunguka milima yetu yote bila kukutana na mtu wa pili mwenye karatasi ya namna hiyo. Niliitia kwenye fremu yenye kioo, nikaitundika sebuleni katika nyumba ya serikali niliyopewa Voi, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Sikuona sababu ya kuificha wakati ule, na sasa pia sioni. Baba alikufa nikiwa bado mdogo. Nilichopata nilikipata kwa kichwa changu.

Kwa kichwa changu na kwa mifugo ya watu. Hilo pia nalisema, kwa sababu ndilo lililonipeleka Taveta.

Kwetu milimani, mtu akitaka kukusaidia katika jambo kubwa anakupa mnyama na kamba yake. Ukimuuza, ni shauri yako. Siku ya kulipa unarudisha mnyama wa namna ile ile, mbuzi jike kwa mbuzi jike, ng'ombe mtamba kwa mtamba, na unamwekea aliyekupa kamba mkononi. Yeye naye anachukua maji kinywani, anayapuliza nje kama manyunyu, na kusema moyo wake umepoa, hana neno na wewe. Tunaita kutasa. Zamani wazee walitumia pombe ya miwa. Sisi wa kanisani tunatumia maji, na mchungaji anajua na ananyamaza. Bila maji yale, hata ukirudisha zizi zima hujalipa, maana hasira inaweza kukaa moyoni mwa mtu bila mwenyewe kuijua, ikatoka na kwenda kumgusa mwingine mahali pabaya. Ndivyo wazee wanavyosema.

Niliporudi nilianza kulipa. Wa kwanza alikuwa yule mzee wa duka, kwa sababu yeye naye alinipa mbuzi. Alinipa, akasema, ili aone nitakavyoshindwa. Nilimletea mbuzi mnene kuliko wake, saa ambayo baraza limejaa. Alipuliza maji akapaliwa, watu wakacheka. Nilifurahi sana siku ile. Nikalipa wengine wote, mmoja baada ya mwingine, akabaki rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye benchi moja katika shule ya misheni. Yeye alikuwa ameniletea mtamba asubuhi ya safari yangu, na nilipokuwa masomoni alihamia Taveta na mkewe kulima ndizi. Taveta ilikuwa mbali, nami nilikuwa na wilaya nzima ya kuchanja.

Kisha nikaoa, nasi tukafiwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa bila kulia. Wa pili naye hakulia. Kaburi la wa pili nililichimba mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama kule Chawia. Nakumbuka udongo ulikuwa laini na jembe lilikuwa na mpini mpya. Zaidi ya hayo sikumbuki. Jumatatu nilikuwa kazini nyanda za chini, nikachanja ng'ombe mpaka jioni bila kukosea sindano hata moja. Watu walisema Bwana Mifugo ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaujua ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Mama alisubiri majonzi yapungue, ndipo akasema.

"Kuna kamba moja hujairudisha."

"Mama, mimba huharibika kwa magonjwa," nikamwambia. "Mimi nimeyasomea."

"Umesomea za ng'ombe," akasema mama, akaendelea kuchambua maharagwe.

Mke wangu alikuwa amekaa pale pale akichambua naye. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa kusali, na hakupenda mambo ya kuulizauliza kwa waganga. Lakini tulipokuwa tunateremka kurudi Voi alinigeukia ndani ya gari.

"Nataka twende Taveta," akasema. "Siamini wala sikatai. Lakini sitabeba mimba nyingine mpaka maji yale yapulizwe. Nikizika tena, sitaki kukaa usiku nikiwaza ile kamba."

Aliyasema kwa sauti ya kufundishia hesabu. Nilijua hatarudi nyuma. Nikamjibu kwamba tutakwenda likizo ya Agosti, tena tutakwenda kama watu wanaotembea, tukisimama popote pazuri pa kuona. Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua kwa fundi mmoja wa Kihindi pale Voi, na nilikuwa sijawahi kuifikisha mbali zaidi ya Bura. Niliona aibu kidogo kwamba mtu mwenye gari lake hajawahi kutembea kwa raha.

Tukaondoka Voi asubuhi, mkonge ukiwa umenyooka mistari pande zote mbili za barabara. Mwatate tulimkuta mama ameteremka mwenyewe kutoka Chawia, amevuta mtamba kwa kamba mpya. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, mzao wa fahali bora niliyemchagua mimi, na nilijua Taveta nzima hawatakuwa na wa kumfikia. Kibali cha kumsafirisha nilikuwa nimejiandikia mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Penye jina la mwenye kupokea niliandika jina la rafiki yangu, nikagonga mhuri.

Tulimpandisha kwa ubao, tukamfunga. Mama alizunguka gari akalikagua kana kwamba anataka kulinunua.

"Usikimbize," akaniambia. "Huyo aliyeko nyuma ni mtu mzima."

Bura tulisimama kuangalia kanisa la mawe na maji yanayoteremka kutoka mlimani. Mtamba akanywa, mke wangu akanawa uso. Nilimweleza habari za mapadre wa kwanza, akasikiliza kama anavyomsikiliza mkaguzi wa shule. Tukaendelea. Baada ya pale milima inabaki nyuma na nyika inafunguka, reli upande mmoja, udongo mwekundu, na vichaka visivyokwisha. Upepo wa Agosti ulikuwa wa baridi. Tulifunga vioo, na vumbi likaingia hivyo hivyo.

Maktau tuliingia karibu na stesheni kutafuta maji mengine. Karani wa stesheni, mtu wa kutoka upande wa ziwa kubwa, alitoka akasimama na mikono kiunoni.

"Bwana, huyu ng'ombe naye anakwenda kutembea?"

"Anakwenda kwa wenyewe."

"Ana tiketi?"

"Ana kibali. Nimekitia sahihi mimi."

Karani akakisoma kibali, akamtazama mtamba, akakisoma tena. "Basi amenishinda," akasema. "Mimi nimefanya kazi hapa miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuniandikia ruhusa ya kuondoka."

Nilicheka kwa sababu ilistahili kuchekwa. Nilipogeuka mke wangu hakuwepo. Alikuwa ameingia katika makaburi ya askari wa vita vya kwanza, yale yaliyo karibu na pale, yaliyopangwa mistari na kufyekwa vizuri. Alitembea kati ya mawe akisoma moja baada ya jingine. Nikamfuata.

"Wanatunzwa," akasema.

"Ni kazi ya serikali."

"Wetu tumewawekea mawe matatu tu kila mmoja. Sijui kama mvua haijayasogeza."

Nilimwambia gurudumu la nyuma limepungua upepo, na kwamba tusikae sana kwa sababu simba wa nyika ile huifuata harufu ya ng'ombe. Yote mawili yalikuwa kweli. Akaja.

Salaita ni kilima kidogo tu, mtu asiyejua anakipita bila kukigeukia. Mimi nilikuwa nimengoja kumwonyesha, kwa sababu babu yangu alipita pale akiwa mpagazi wa jeshi, na alipokuwa hai alitusimulia kuhusu sanduku la risasi alilolibeba mpaka ngozi ya bega ikatoka. Tulipanda tukaiona mitaro ya zamani imeota nyasi. Na tulipofika juu, mawingu yaliyokuwa yamefunika upande wa magharibi yalikuwa yamesogea, na Kilimanjaro ikawa imesimama yote mbele yetu, theluji na mabega yake, karibu kuliko nilivyowahi kuiona.

Nilikuwa nimeusoma mlima ule katika vitabu. Nilijua urefu wake. Nilisimama nikiutazama kama mtu aliyeko kwenye dirisha la posta akingoja karani ainue kichwa.

"Ni mkubwa," mke wangu akasema.

"Ni mkubwa."

Tukateremka. Mtamba alikuwa amelala ndani ya pikapu na alituangalia kwa uvivu. Alikuwa anaistahimili barabara ile vizuri kuliko sisi.

Taveta inakupokea kwa ukijani. Unatoka kwenye vumbi, mara migomba, mifereji ya maji, kivuli. Rafiki yangu alikuwa amesikia mlio wa gari, akatoka shambani na tope mpaka magotini, akatukumbatia nalo.

"Daktari wa ng'ombe," akasema, "umeniletea mgonjwa au umeniletea mwenzako?"

"Nimekuletea deni lako. Mtazame vizuri, huku kwenu hamna."

"Huku kwetu tuna ndizi. Huna diploma ya ndizi, kwa hiyo leo utanyamaza."

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga kabla ya kutusalimu, akamkumbatia mke wangu kwa muda mrefu kidogo, akasema, "Shemeji, karibu. Dada, pole." Kisha akarudi kwenye ndizi zake. Alikuwa binti wa milimani kama sisi. Tulimjua tangu siku za harusi yao, mcheshi wa kupindukia. Siku ile alikuwa mkimya, nikadhani ni kwa sababu ya msiba wetu. Watu wengi walinyamaza wakituona.

Sikutaka jambo lichelewe. Nilimteremsha mtamba, nikamwekea rafiki yangu kamba mkononi pale pale uani. Akaitisha maji. Mkewe akayaleta kwa kikombe cha bati, akarudi kumenya ndizi kwa kisu chake. Rafiki yangu akasukutua, akapuliza, akasema moyo wake umepoa na haukuwahi hata kuwa vuguvugu, na kwamba mtamba ni mzuri. Ilikwisha kabla injini ya pikapu haijapoa. Nilimtazama mke wangu nikitaka kuona kama ameridhika. Yeye hakuwa anamtazama rafiki yangu. Alikuwa anamtazama mwenye kisu.

Jioni, kabla ya chakula, tulitembea wawili kando ya mfereji.

"Shemeji yako umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona. Anatupikia."

"Hajamtazama mtamba hata mara moja. Ng'ombe wa namna ile aingie uani kwa mwanamke, asimgeukie hata kwa jicho?"

"Ana kazi nyingi."

"Na mimi nina kazi nyingi. Nikiletewa mtamba, ndizi zitaungua."

Kwangu mimi shughuli ilikuwa imekwisha, na yaliyobaki yalikuwa matembezi.

Kesho yake tulijipakia wanne kwenye pikapu, wanaume mbele na wanawake nyuma juu ya gunia la majani, kwa sababu wao walitaka kukaa pamoja. Tukaenda ziwa Jipe. Tuliwaona viboko wametoa masikio tu, tukanunua samaki, tukatafuta mahali penye upepo tukala samaki na kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, ambacho mkewe alikuwa amekifunga kwenye majani ya mgomba. Ng'ambo ya ziwa milima ya Upare ilikuwa ya buluu. Rafiki yangu alikuwa anasimulia jinsi kiboko alivyomlia mtu mitego yake yote na kumwachia kamba, na katikati ya hadithi hiyo mke wangu akauliza kwa sauti yake ya darasani:

"Dada, mtamba yule wa zamani alikuwa wa nani?"

Rafiki yangu akacheka. "Wa nani tena? Alikuwa wa nyumbani."

"Alikuwa wangu," akasema mkewe.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki kwa vidole, akautoa, akauweka kando.

"Baba alinifunga kamba yake mkononi siku ninatoka kwetu. Akasema, ukizaa usiwe mtu wa kuomba maziwa. Mume wangu akaja akaniambia rafiki yake anakwenda kusoma, hana kitu. Nikamwambia mchukue. Nani angemzuia mtu anayekwenda kusoma? Nilipozaa nikaomba maziwa."

"Si ulisema nimchukue?" rafiki yangu akasema.

"Nilisema umchukue. Sikusema ni wako. Na jana mmepeana kamba juu ya kichwa changu kama mnapitishiana chumvi." Akanigeukia. "Na wewe, Bwana Mifugo. Huko ulikokwenda hawakukufundisha kuuliza ng'ombe ni wa nani?"

"Walinifundisha," nikasema. "Ndilo swali la kwanza kwenye kibali."

"Na ukaandika nani?"

Nikamtaja mumewe. Akatikisa kichwa, na kidogo nikamwona yule mcheshi wa siku za harusi. "Serikali imedanganywa," akasema.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameiacha sahani yake. "Kwa hiyo maji ya jana," akasema.

"Ya jana yalikuwa ya huyu," akasema mwenzake, akimwelekezea mumewe kidole chenye samaki. "Huyu moyo wake haujawahi kuwa na kitu. Umchome sindano atasema asante."

"Na wako?"

Akageukia ziwa. Upepo ulikuwa unainamisha matete upande mmoja. "Wangu sijui, dada. Nilifikiri ulipoa zamani. Watoto wangu walikua, nikasahau. Jana nilipoiona ile kamba, nikajua haukupoa." Akamshika mke wangu mkono kwa mkono wake wenye mafuta. "Lakini sikuwatakia mabaya. Habari zenu zilipofika huku nililia."

"Najua," akasema mke wangu.

Tukafungasha, tukarudi. Nilijaribu kuona hasira, au aibu, na sikupata hata moja. Niliendesha. Rafiki yangu alikaa kando yangu akijikwangua tope lililokauka, akasema mara moja tu, "Miaka yote hii amekuwa akinipikia," na sikumjibu kwa sababu hakuwa ananiuliza mimi.

Tulipofika uani shemeji aliteremka wa kwanza. "Mtoeni nje," akasema. "Aingie upya."

Nikamfungua mtamba, nikamtoa mpaka kwenye njia, zaidi ya mfereji. Alikuwa amekwisha kupazoea akawa hataki kutoka, ikabidi rafiki yangu amsukume kwa nyuma, na jirani aliyekuwa anapita akauliza kama amerudishwa kwa ubovu. Nilisimama pale njiani na kamba mkononi. Kibali kilikuwa bado mfukoni. Nikakiweka juu ya boneti la gari, nikalikata jina la mwenye kupokea kwa mstari mmoja, nikaandika jina la shemeji juu yake, nikatia sahihi kando kama inavyotakiwa. Katika wilaya ile nilikuwa mtu pekee wa rangi yangu aliyeruhusiwa kufanya hivyo. Kisha nikamwingiza mtamba kwa mara ya pili.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya mlango. Nikamwekea kamba mkononi.

"Mtamba wako," nikasema. "Nilisoma kwa huyo. Ahsante."

Hakumwangalia mtu. Alimwangalia mtamba, kwanza doa la usoni, kisha mgongo, kisha akainama akatazama chini kwenye kiwele ambacho hakijajaa bado, kama anavyofanya mtu anayejua anachotafuta. Alimfunga kamba mwenyewe kwenye nguzo ya jiko lake. Akachukua kile kikombe cha bati, akanywa, akayaweka maji kinywani.

Aliyaweka muda mrefu. Rafiki yangu alianza kuhama mguu hadi mguu. Mke wangu alikuwa kando yangu akiitazama midomo ile. Nilijua kama mwanamke yule atameza, sisi wawili tutarudi Voi kwenye nyumba yenye fremu moja ukutani, na ndivyo itakavyokuwa. Nilijua hivyo kama ninavyojua mambo mengine, kwa kichwa.

Alipuliza. Kwanza chini, mbele ya miguu yangu. Akachukua mengine, akapuliza juu ya mikono ya mke wangu ambayo ilikuwa imekunjwa tumboni, mara moja, na mara nyingine.

"Moyo wangu umepoa," akasema kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, kama inavyosemwa. "Sina neno nanyi. Mkazae."

Mke wangu akaketi chini pale pale penye maji, na gauni lake la kusafiria, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mwaka mzima. Shemeji akaketi naye. Rafiki yangu akaenda kumtafutia mtamba majani, kwa sababu ndilo jambo lililokuwa karibu.

Mimi nilibaki nimesimama. Maji kidogo yalikuwa yamenirukia kwenye kifundo cha mkono, chini ya saa. Yalikuwa ya baridi. Niliisikia ile baridi, mahali pale padogo tu.

Hiyo ndiyo siku niliyomaliza kuwalipa wote. Kutoka kwenye baraza la duka la Chawia mpaka migomba ya Taveta hakukuwa tena na mtu aliyeshika kamba yangu, na wale waliosema sitaweza wanajua. Shemeji alituita tuingie ndani tule. Nikamwambia nakuja. Nilikaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, mahali alipokuwa amelala mtamba, nikayaacha yale maji yakauke yenyewe.